Kupima Kotisoli Kisumu na Magharibi: Kutoka Fomu Hadi Majibu

Kotisoli ya 6 ni nyingi au ni kidogo? Ukileta swali hilo kwenye dirisha letu la maabara, utajibiwa kwa swali: damu ilitolewa saa ngapi? Kama ni saa 10 jioni, 6 ni namba ya kawaida na hakuna wa kushtuka. Kama ni saa 2 asubuhi, namba ile ile itamfanya daktari afungue faili lako upya na pengine akutume kipimo kingine. Mtu ni mmoja na mashine ni moja, ila maana imegeuka kwa sababu ya saa.

Kotisoli ni homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali, vitezi viwili vidogo vilivyokalia figo, kimoja kila upande. Hushikilia presha isianguke, hupandisha sukari unapokaa na njaa, na humwezesha mtu kuhimili homa, ajali au upasuaji. Haikai mahali pamoja. Huanza kupanda kabla ya alfajiri, hufika kileleni karibu na wakati wa kuamka, hushuka polepole mchana kutwa, na ikifika saa 6 usiku huwa iko chini kabisa. Anayeamuru ni tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, kwa kutuma homoni yake iitwayo ACTH.

Nafanya kazi maabara hapa Kisumu, na mwongozo huu nimewaandikia wanaotumwa kwetu kutoka Bondo, Ahero, Mbale au Busia, na hata wa Molo na Njoro wanaoteremkia Nakuru. Mashine ikishapata damu inajua kazi yake. Kinachoharibu majibu mara nyingi ni mambo mawili ambayo mgonjwa mwenyewe anayajua kuliko mtu mwingine yeyote: saa, na dawa alizotumia.

Asiyepaswa kusubiri maabara

Kuna mtu ambaye hapaswi kusoma zaidi ya hapa. Kama mgonjwa anatapika bila kukoma, amelegea, presha imeshuka, anachanganyikiwa au anazimia, na anajulikana kuwa na ugonjwa wa adrenali au amekuwa akimeza dawa za steroidi (zinazofanya kazi kama kotisoli, mfano prednisoloni) na zikakatika ghafla, mpeleke hospitali iliyo karibu sasa hivi, hata kama ni usiku. Waambie habari ya steroidi ukiwa mlangoni. Tiba ni sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 na maji ya chumvi ya mshipani. Daktari akiweza atatoa damu kwanza, lakini sindano haingojei majibu. Mtu anaweza kufa huku majibu yako njiani kutoka Nairobi.

Kwa nini umeandikiwa

Ni vizuri ujue daktari wako anatafuta nini, maana kipimo cha asubuhi hujibu swali moja vizuri na jingine vibaya.

Anaweza kuwa anashuku kwamba kotisoli ni pungufu. Dalili zake ni uchovu usioisha, kukonda, kizunguzungu ukisimama, kichefuchefu, na hamu ya chumvi isiyo ya kawaida, mtu anaongeza chumvi kwenye omena ambayo wenzake wanaona imeshazidi. Tezi zenyewe zikiwa zimeharibika, ngozi nayo huzidi kuwa nyeusi. Sisi watu weusi hili hutupita, kwa hiyo tazama fizi, mistari ya viganja, viungo vya vidole na makovu mapya, kisha linganisha uso na picha ya kitambulisho. Thomas Addison, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1855, na wagonjwa wake wengi tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu. Huku kwetu kifua kikuu hakijaondoka, kwa hiyo mtu aliyewahi kutibiwa TB amwambie daktari hata kama ni miaka mingi iliyopita.

Au anashuku kwamba kotisoli imezidi: uso umekuwa wa mviringo, tumbo limenona huku mikono na miguu imekonda, michirizi ya zambarau tumboni, ngozi inachubuka upesi, presha na sukari hazishikiki. Hapa niseme wazi: kotisoli moja ya asubuhi haitoshi kumtambua mtu huyu. Asubuhi ya mtu asiye na ugonjwa wowote nayo iko juu. Kama hiyo ndiyo shaka na fomu imeandikwa kotisoli tu, rudi umuulize daktari kwa upole kama hakutaka kipimo cha kumeza kidonge usiku, nitakachokieleza hatua ya saba, au mkojo wa saa 24. Utajiokolea nauli.

Kundi la tatu ni la waliomeza prednisoloni kwa wiki au miezi, kwa ajili ya pumu, viungo, ngozi au ugonjwa wa figo. Steroidi ya nje ikizidi kuingia, tezi za ndani hulala. Daktari anataka kujua kama zimeamka kabla hajakuachisha dawa. Kundi hili ni kubwa, na ndilo linalotuletea majibu ya ajabu ajabu.

Hatua ya kwanza: fomu

Usitoke chumba cha daktari na karatasi yenye neno Cortisol peke yake. Mwombe aandike sababu ya kupima, saa anayotaka damu itolewe, na dawa zote unazotumia. Muulize pia kama anataka sodiamu, potasiamu na sukari zitolewe kwa mchomo huo huo. Adrenali zilizoharibika mara nyingi hushusha sodiamu na kupandisha potasiamu, na vipimo hivyo viwili hupatikana hata hospitali ya kaunti ndogo, tena vinatoka siku hiyo hiyo.

Kama anataka na ACTH, hilo libebe akilini. Tutalirudia kwenye kiti cha damu.

Hatua ya pili: kuchagua maabara

Hospitali kubwa za huku zinajulikana: Jaramogi pale Kisumu, ambayo watu wengi bado wanaiita Russia, ile ya rufaa ya kaunti ya Nakuru, ambayo wenyeji wangali wanaiita PGH, na Moi Eldoret. Zipo pia hospitali za binafsi, na maabara za kampuni zenye vituo vya kuchukulia damu mjini. Usidhani jina kubwa maana yake kipimo kipo leo. Kemikali za homoni huisha, mashine huharibika. Piga simu kabla ya kupanda matatu.

Uliza kama wanapima pale pale au wanatuma Nairobi, na majibu huchukua siku ngapi. Uliza wanaanza kutoa damu saa ngapi, maana kliniki inayofungua dirisha la malipo saa 3 haikufai. Uliza bei na kama SHA au bima yako itagusa hata kidogo, na ulipe kwa M-Pesa yenye risiti, si kwa namba ya mtu. Maabara halali huwa na leseni ya bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, na mara nyingi imetundikwa ukutani. Isome.

Kuna watu wanaozunguka na kifaa cha kushika mkononi, unakishika kidogo kompyuta inatoa orodha ya magonjwa na "homoni zako zote". Hicho hakipimi kotisoli. Kipimo tunachozungumzia kinahitaji damu ya mshipa. Hali kadhalika ukiuziwa dawa za "uchovu wa adrenali" mtandaoni, shika pesa yako. Madaktari wa homoni hawautambui ugonjwa wa jina hilo, na ungaunga wa namna hiyo umewahi kukutwa, katika nchi mbalimbali, umetiwa steroidi ndani.

Hatua ya tatu: dawa, mafuta na kila kitu kinachoingia mwilini

Hapa ndipo nataka tukae zaidi.

Siku moja asubuhi mama mmoja aliketi kwenye kiti chetu, fomu mkononi, sehemu ya dawa imeachwa wazi.

"Mama, kuna dawa unameza?"

"Hakuna, daktari."

"Sindano ya goti au ya mgongo?"

"Hapana."

"Ile ya kuvuta ya pumu?"

"Hapana, daktari. Mimi niko sawa, ni nguvu tu sina."

"Na mafuta ya kujipaka?"

Akacheka. "Hayo si dawa. Ni ya uso tu."

Nikamwomba anionyeshe. Mkobani akatoa kopo dogo jeupe, halina lebo, kifuniko kimezungushiwa leso. Alilinunua sokoni kwa mtu anayechanganya mwenyewe, na alikuwa anajipaka uso, shingo na mikono, asubuhi na jioni, tangu matayarisho ya harusi ya binti yake. Nikaandika kwenye fomu: "krimu ya kung'arisha, haina lebo, kila siku, miezi kadhaa." Daktari wake aliposoma mstari huo alibadilisha mpango wote wa uchunguzi.

Krimu nyingi za kung'arisha huwa na klobetasoli, steroidi kali kuliko nyingi za kupaka. Ukipaka eneo kubwa kwa muda mrefu inapenya ngozi, inaingia kwenye damu, na tezi zinalala kama vile umekunywa vidonge. Kwa hiyo njoo na kopo lenyewe. Usione haya, hatukuja kukuhukumu rangi.

Weka vyote kwenye mfuko mmoja uje navyo. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya ni vya kushukiwa, maana baadhi huwa na deksamethasoni. Dawa za kienyeji za unga kwa ajili ya baridi yabisi zinazofanya kazi kwa haraka ya kutia shaka nazo zilete. Bomba la pumu lenye budesonidi au flutikasoni, dawa ya pua, matone ya macho, sindano ya goti uliyodungwa miezi 2 iliyopita: vyote vitaje.

Walio kwenye dawa za HIV wasikilize hapa. Ritonaviri, ambayo huwa ndani ya dawa za mstari wa pili kama zile za atazanaviri, huzuia ini lisivunje steroidi. Mtu akiwa nayo kisha akavuta flutikasoni au akadungwa triamsinoloni gotini, steroidi inarundikana mwilini, adrenali zinazimwa kabisa, na uso unavimba huku kotisoli yake mwenyewe iko karibu na sufuri. Vidonge vya TLD, vile vya HIV vya mstari wa kwanza, havina shida hiyo. Kama hutaki kutaja HIV dirishani mbele ya watu, omba kuongea na mtaalamu pembeni, au hakikisha daktari ameandika jina la dawa kwenye fomu. Sisi tunahitaji jina la dawa tu.

Rifampisini ya TB hufanya kinyume: inaharakisha kuvunjwa kwa kotisoli. Mtu ambaye adrenali zake zilikuwa zinajikongoja anaweza kuanguka wiki chache baada ya kuanza dawa za TB. Ukilegea sana baada ya kuanza dawa hizo, usiambiwe tu ni TB, pimwa.

Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni hupandisha protini inayobeba kotisoli kwenye damu. Mashine nyingi hupima kotisoli yote, iliyobebwa na iliyo huru, kwa hiyo namba inapanda wakati mwili haujapata nyongeza yoyote. Daktari anaweza kukuambia uviache kwa wiki 6 kabla ya kupima, na upange njia nyingine wakati huo. Kipandikizi cha mkononi na sindano ya miezi 3 havina estrojeni, ila vitaje vilevile. Mimba nayo hupandisha: kufikia miezi ya mwisho kotisoli inaweza kuwa mara 2 hadi 3 ya kawaida, na namba inayoonekana nzuri kwa mjamzito inaweza kuwa ni ndogo.

Halafu kuna biotini, ile vitamini ya nywele na kucha. Kwenye baadhi ya mashine inavuruga kemia ya kipimo na kuonyesha kotisoli nyingi isiyokuwepo. Iache angalau siku 2 hadi 3 kabla, na kama unameza dozi kubwa iulize maabara.

Neno moja la kushika kuliko yote: usiache steroidi mwenyewe ili "kipimo kiwe safi". Uliyezoea prednisoloni au haidrokotisoni unaweza kuzidiwa vibaya sana ukikatisha. Kwa kawaida daktari humwambia mgonjwa apishe saa 24 tangu dozi ya mwisho ya prednisoloni, damu itoke asubuhi, ndipo ameze ya siku hiyo. Akitumia haidrokotisoni hiyo ndiyo kotisoli yenyewe, mashine haiwezi kuzitofautisha. Prednisoloni nayo baadhi ya mashine huisoma kama kotisoli. Ila uamuzi wa saa ngapi uache na ngapi umeze ni wa daktari wako, na auandike.

Hatua ya nne: usiku wa kuamkia kipimo na safari

Damu inatakiwa kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Anayetoka Kondele hana shida. Anayetoka Usenge au Port Victoria ana hesabu ya kupiga: ukiondoka alfajiri, matatu ikasubiri kujaa, polisi wakasimamisha, ukapanga laini ya malipo, utafika kwenye kiti saa 5. Saa 5 tayari kotisoli imeanza kuteremka, na namba ya katikati itakuwa haisemi lolote. Bora ulale kwa ndugu mjini, au ulipe jana yake na kupata risiti, au uulize kama hospitali iliyo karibu nawe, Siaya au Kakamega kwa mfano, inaweza kutoa damu kwa wakati, kuizungusha kwenye mashine ili seramu, yaani maji ya damu, itengane, na kuituma. Seramu ya kotisoli ikishatenganishwa na kuwekwa kwenye friji huvumilia safari vizuri.

Ukichelewa, sema umechelewa. Kurudi kesho ni gharama, lakini majibu ya saa 6 mchana yaliyosomwa kwa kipimo cha asubuhi ni gharama kubwa zaidi.

Wanaofanya kazi usiku wako kando. Mvuvi wa omena anayekesha ziwani na taa hadi alfajiri kisha analala mchana, askari wa lango, muuguzi wa zamu ya usiku: saa ya miili yao imesogea, na saa 2 asubuhi kwao inaweza kuwa ni jioni. Mwambie daktari ratiba yako ya kulala. Anaweza kuomba damu itolewe mara baada ya wewe kuamka, au akaenda moja kwa moja kwenye kipimo cha sindano nitakachokieleza mbele.

Kufunga si lazima kwa kotisoli peke yake, lakini kama kuna sukari ya kufunga kwenye fomu hiyo hiyo, njoo na tumbo tupu, maji kunywa. Lala usiku, usikimbie asubuhi, usibebe gunia. Kama una malaria au homa nyingine kali, na si dharura, ahirisha: ugonjwa wenyewe hupandisha kotisoli na utafunika upungufu. Na daktari anayepima mtu mahututi anajua kinyume chake, kwamba namba ya kawaida kwa mtu anayetetemeka kitandani inaweza kuwa ndogo mno kwa hali aliyomo.

Hatua ya tano: kwenye kiti

Fika mapema ukae kama nusu saa. Uliyepanda ngazi mbio ukigombana na kondakta hujafika na kotisoli yako ya kawaida.

Mchomo ni mmoja. Damu ya kotisoli huenda kwenye chupa yenye kifuniko chekundu au cha manjano, ile yenye jeli, iachwe igande kama nusu saa kabla ya kuzungushwa. ACTH ndiyo yenye nongwa: inataka chupa ya zambarau, iingie kwenye barafu papo hapo, izungushwe upesi na kugandishwa. Ukiona chupa ya ACTH inawekwa juu ya meza pamoja na nyingine, uliza, "Daktari, hii haihitaji barafu?" Si utovu wa adabu. Homoni hiyo inavunjika haraka kwenye joto la Kisumu, na namba ndogo inayotokana na uzembe wa meza itampeleka daktari kwenye ubongo wako bure.

Kabla hujasimama, tazama jina lako likiandikwa kwenye chupa kama lilivyo kwenye kitambulisho, na saa kamili ya mchomo ikiandikwa kwenye fomu. Saa ya mchomo, si saa ya kulipa wala ya kupokewa. Piga picha ya fomu kwa simu.

Hatua ya sita: kusoma majibu

Tazama kizio cha namba kwanza. Maabara moja hutoa kwa mikrogramu kwa desilita, µg/dL, nyingine kwa nanomoli kwa lita, nmol/L. Ukitaka kutoka ya kwanza kwenda ya pili, zidisha kwa 27.6. Kwa hiyo 12 ya hapa ni 331 ya kule. Nimewahi kusikia mtu akilia simuni kwamba homoni imepanda kutoka 14 hadi 380 ndani ya mwezi mmoja, kumbe alibadilisha maabara.

Karatasi nyingi huonyesha kiwango cha asubuhi cha takriban 5 hadi 25 µg/dL, yaani 138 hadi 690 nmol/L, na cha jioni karibu nusu yake. Fuata kilichochapishwa kwenye karatasi yako, kwa sababu mashine hutofautiana. Lakini kuwa ndani ya kiwango si ndiyo mwisho wa habari. Kwa mtu anayeshukiwa upungufu na asiyetumia steroidi, asubuhi chini ya 3, ambayo ni kama 83 nmol/L, ni ushahidi mzito kwamba kotisoli haitoshi. Juu ya 15, kama 400 nmol/L na kitu, upungufu hauelekei kuwepo, ingawa madaktari wengine hutaka 18. Katikati hapo, ambapo wengi huangukia, namba haiamui. Mtu mwenye 8 ameambiwa "normal" akarudi nyumbani na kizunguzungu chake. Huyo alistahili kipimo cha pili.

Mwenye ini lililoharibika au figo zinazovujisha protini naye namba yake huonekana ndogo, kwa kuwa protini zinazobeba kotisoli zimepungua.

Hatua ya saba: kipimo cha kuamsha na cha kulaza

Cha kuamsha hutumia dawa iitwayo Synacthen, mfano wa ACTH uliotengenezwa. Wanatoa damu, wanakudunga mikrogramu 250 kwenye mshipa au msuli, wanatoa damu tena baada ya dakika 30, na mara nyingi baada ya 60. Tezi zenye afya hupandisha kotisoli upesi. Kwa miaka mingi kotisoli ilitakiwa ifike 18 hadi 20 µg/dL. Mashine mpya zinazochagua vizuri zaidi husoma chini kidogo, na kizingiti chake ni karibu 14 au 15. Uzuri wake ni kwamba hakibanwi na asubuhi. Pangeni siku, kwa sababu lazima dawa iwe imepatikana hospitali, na utakaa pale zaidi ya saa moja.

Cha kulaza ni cha wanaoshukiwa kuzidi. Unameza deksamethasoni miligramu 1, kwa kawaida vidonge 2 vya nusu miligramu, saa 5 usiku, na damu inatolewa saa 2 hadi saa 3 asubuhi yake. Mwili wa kawaida hunyamaza: kotisoli hushuka chini ya 1.8 µg/dL, yaani 50 nmol/L. Isiposhuka kuna la kufuatilia. Bahasha ya dawa ikiandikwa 11 pm, hiyo ni saa 5 usiku. Mtu asije akameza saa 11 alfajiri. Andika saa uliyomeza. Rifampisini, na dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, huunguza deksamethasoni kabla haijafanya kazi, na huonyesha ugonjwa usiokuwepo. Pombe nyingi na sonona nzito nazo huweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya nane: kurudia

Anayeachishwa prednisoloni atarudi. Rudi maabara ile ile, saa ile ile, na karatasi ya zamani. Mwongozo wa madaktari wa homoni wa mwaka 2024 unasema kotisoli ya asubuhi ikizidi 10 µg/dL, yaani kama 300 nmol/L, tezi zimeamka na dawa inaweza kuachwa salama. Kati ya 5 na 10 mtu huendelea na dozi ndogo na kupimwa tena baada ya wiki au miezi. Chini ya 5 bado zimelala, na kurudia huchukua miezi kadhaa. Hakuna haja ya kuvunjika moyo ukiambiwa bado. Kuna wanaochukua mwaka na zaidi.

Asubuhi hiyo beba dozi yako mfukoni pamoja na mandazi au ndizi na chupa ya maji. Pamba ikishawekwa mkononi, meza hapo hapo kwenye kiti, kabla ya kwenda kutafuta boda.